Mlima Uliozidi Kimo

Nchi ninayotaka kukusimulia, ndugu msomaji, siyo yako, kwa hiyo soma bila wasiwasi. Kwenu, nasikia, viongozi ni watu kama watu, na mawingu hayana mwenyewe. Hii ni nchi nyingine kabisa, nami niliitumikia kwa moyo wangu wote nikiwa mpiga picha rasmi wa Wizara ya Anga na Heshima. Kazi yangu ilikuwa kumpiga picha Waziri nikiwa nimepiga goti, ili gazetini aonekane mrefu.

Mambo yalianza siku Kiongozi Mpendwa alipokwenda ng'ambo kung'oa jino, maana hospitali zetu ni nzuri mno kwa kazi ndogo kama hiyo. Ndege yake ya jeti, yenye kitanda na bafu la marumaru, ilikuwa bado inapaa alipovuta pazia la dirisha. Akaona juu yake, kushoto kidogo, kijindege cha pangaboi kikikata anga taratibu.

“Nani yule?” aliuliza.

Msaidizi wake akapiga simu huku na kule, akarudi na jibu. “Ni chanjo za kuku, Mtukufu. Zinapelekwa Isuka.”

“Na ziko juu yangu?”

Msaidizi akatazama zulia.

Jino liling'olewa salama, lakini maumivu hayakwisha, na madaktari wa ng'ambo walishindwa kuelewa yanatoka wapi. Sisi nyumbani tulielewa. Kabla Kiongozi hajarudi, Bunge lilikuwa limeshapitisha Sheria ya Heshima ya Anga.

Nilikuwepo bungeni siku hiyo, goti chini, kamera juu. Waziri wangu, Mheshimiwa Profesa Balozi Gervas Malimbo, alizungumza mpaka vioo vikatetemeka.

“Waheshimiwa wabunge, kimo ni cheo! Hapa chini kuna viti vya mbele na viti vya nyuma. Hata msibani kuna wanaokaa kwenye kochi na wanaokaa kwenye mkeka. Je, huko juu tukae shaghalabaghala, kuku wamtazame Kiongozi utosini?”

“Hapana!” wakajibu wabunge, wakapiga meza.

Basi anga ikagawanywa. Daraja la Kwanza, juu kabisa, likawa la Kiongozi na mawaziri katika jeti zao. Daraja la Pili likawa la mashirika makubwa yanayoleta watalii. Daraja la Tatu, kuanzia futi elfu kumi na mbili kushuka chini, likawa la ndege ndogo za pangaboi, tai, kunguru na popo. Mbunge mmoja mpya aliuliza tai watajulishwaje. Waziri akamjibu kwamba elimu kwa umma itatolewa.

*

Kasoro ya sheria hii, kama sheria za nchi yetu zinaweza kuwa na kasoro, ni kwamba haikuushirikisha mlima Kidundi.

Kidundi ni mlima mrefu kama ukuta, unaotenganisha mji mkuu na uwanda wa Isuka, na vilele vyake vinafika futi elfu kumi na nne na ushei. Barabara ya kwenda Isuka iliangukia mtoni wakati wa masika fulani, na serikali haikulala: iliunda kamati ya kuisubiri irudi. Tangu hapo kila kitu cha Isuka kilipita angani. Chumvi, mitihani, maharusi, wagonjwa, vyote vilibebwa na ndege ndogo za pangaboi, na nyingi ya safari hizo zilikuwa za Kapteni Nakijwa Mrutu.

Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye sauti nzito kuliko umbo lake, na alirusha ndege ya viti tisa yenye pangaboi mbili. Kabla ya sheria alikuwa akipaa hadi futi elfu ishirini na moja, juu ya mawingu yote, anavuka Kidundi kwenye jua, anateremka Isuka kama anayeshuka ngazi za kwao. Ndege yake iliundwa kwa kazi hiyo. Baada ya sheria ikambidi apenye kwenye ufa mwembamba kati ya vilele viwili, unaoitwa Mlango wa Mbuzi. Kukiwa kweupe unapita. Wingu likikaa pale, huoni hata ncha ya bawa lako.

Aliyemfundisha urubani alikuwa Kapteni Shekalage, mtu mzima aliyekaribia kustaafu. Asubuhi moja yenye mvua Shekalage alikuwa anarudi kutoka Isuka, akakuta ufa umejaa wingu. Akaita mnara wa kuongozea ndege, akaomba apande juu. Zamu ilikuwa ya Semeni Chambo, dada aliyeifahamu sauti yake vizuri, maana Shekalage alikuwa akimletea maparachichi kila akitoka Isuka. Kando yake alikaa Afisa Heshima, mtumishi mpya aliyewekwa kila mnara kulinda madaraja. Afisa Heshima akatikisa kichwa.

“Hairuhusiwi, Kapteni,” Semeni akasema redioni. “Baki elfu kumi na mbili.”

“Nimekusikia, mwanangu,” Shekalage akajibu.

Hakusema tena neno jingine. Walimkuta siku iliyofuata ubavuni mwa mlima.

Serikali haikukaa kimya. Tume iliundwa, ikala, ikalala hotelini, ikaleta ripoti. Ripoti ilisema marehemu alifariki akiwa ndani ya kimo halali, jambo linalopaswa kupongezwa. Ikaongeza kwamba mlima Kidundi umezidi kimo cha Daraja la Tatu kwa futi elfu mbili na ushei, na hakuna kumbukumbu kwamba uliwahi kuomba kibali. Mlima ukapigwa faini na kupewa muda wa kujirekebisha. Kibao kikasimikwa chini yake: MLIMA HUU UNACHUNGUZWA. Nilikipiga picha mimi mwenyewe. Kilipendeza.

Nakijwa alikuja wizarani akitoka moja kwa moja matangani, bado amejifunga kanga kiunoni.

“Mheshimiwa, tuachieni tuvuke juu ya mawingu. Hatutaki kingine.”

“Pole sana na msiba, Kapteni,” Waziri akasema, akamsogezea sahani ya korosho. “Lakini nikikuruhusu wewe, kesho bajaji nazo zitataka kupaa.”

“Mzee Shekalage ameuawa na sheria yako.”

“Ameuawa na mlima. Soma ripoti.”

“Nimeisoma yote. Sasa na wewe nisikilize. Siku nikikuta wingu pale Mlango wa Mbuzi, siingii. Nitapita juu, mtanifanya mnachotaka.”

Waziri akacheka mpaka korosho ikampalia. “Kibwe, piga picha! Huyu dada ana vichekesho.”

Nikapiga. Lakini Kapteni hakucheka, na picha ile haikuweza kutumika.

*

Haukupita muda mrefu, Waziri akataka kwenda Isuka kuzindua Mlingoti wa Elimu ya Kimo. Ulikuwa mlingoti mrefu uliopakwa rangi tatu, moja kwa kila daraja, ili wananchi wanaotazama juu wajue wanatazama cheo cha nani. Tatizo ni kwamba kiwanja cha Isuka ni cha nyasi, tena kifupi. Jeti ya Waziri ingepita kiwanja chote na kuishia kwenye shamba la viazi. Ikabidi akodi ndege ya Nakijwa, akapanda amenuna. Asubuhi ilikuwa nyeupe, tukapenya Mlango wa Mbuzi bila shida.

Sherehe ilifana. Waziri alihutubia tangu jua la asubuhi mpaka vivuli vikafika miguuni, na wananchi walipiga makofi kila mwalimu mkuu alipowaonyesha ishara. Hakuna aliyegundua kwamba wakati huo wote wingu lilikuwa likipanda Kidundi, zito na jeusi kwa chini.

Tuliporudi kiwanjani tukakuta machela imewekwa kivulini, chini ya bawa. Juu yake alilala Nanzia, mwalimu wa shule ya msingi, aliyejifungua alfajiri. Mtoto alikuwa mzima, amebaki kwa shangazi yake. Lakini damu ya mama haikukatika. Zahanati ilikuwa imefanya yote iliyoyaweza, sasa alihitaji kuongezwa damu na kupasuliwa katika hospitali ya mji mkuu. Mama yake alisimama kando, ameinua chupa ya dripu, midomo yake mikavu.

Nakijwa alikuwa ameshamkubali. Alikuwa anang'oa viti viwili ili machela ienee.

“Tunaondoka sasa hivi,” alimwambia Waziri. “Ufa umeziba. Napanda elfu ishirini na moja.”

Waziri akatazama kulia na kushoto. “Hapana. Tutapita chini, kisheria.”

“Humo kwenye wingu kuna mlima, Mheshimiwa.”

“Basi tungoje kesho.”

Mama Nanzia aligeuka polepole, chupa bado iko juu. “Wewe ndiye unayetaka kungoja, baba? Ngoja basi. Sisi na binti yetu tunaondoka. Nyumba ya mwalimu mkuu ina kitanda cha wageni.”

Usiku ule kulikuwa na dhifa ya Kiongozi, na kiti kisichokaliwa kwenye dhifa ya Kiongozi huwa kinakaliwa na mtu mwingine maisha. Akamvuta Kapteni pembeni, nami nikawafuata kwa mazoea.

“Sikiliza, mwanangu. Panda. Lakini panda kimyakimya. Zima kile chombo kinachokuonyesha kwenye mnara. Usiseme redioni. Tukifika salama, mimi na wewe hatukusema kitu.”

“Juu kuna ndege nyingine. Nikijificha, tutagongana.”

“Basi sema ni jeti.”

“Nitasema mimi ni nani, niko wapi, nimebeba nani,” Nakijwa akasema. “Na wewe nitakutaja. Ukiona vibaya, mlingoti wako ule pale, kaa chini yake.”

Waziri akapanda.

*

Tulipovuka futi elfu kumi na mbili tulikuwa ndani ya wingu, mvua ikipiga vioo kama changarawe. Nilimwona Nakijwa akivuta pumzi, kisha akabonyeza redio.

“Mnara, hapa Nakijwa, natoka Isuka. Nimepita elfu kumi na mbili, napanda elfu ishirini na moja. Nina mgonjwa anayetoka damu, mama yake, mpiga picha mmoja na Waziri mmoja.”

Nyuma yangu Waziri aliguna kama aliyekanyagwa.

Yaliyotokea mnarani niliyasikia baadaye kutoka kwa Semeni mwenyewe. Afisa Heshima alimwinamia akamwambia, “Mkatalie.” Semeni akavua miwani yake, akaifuta kwa ncha ya ushungi, akaivaa.

“Nilishamkatalia mmoja,” akasema. Akabonyeza redio.

“Kapteni, nakuona. Mbele yako hadi Kidundi hakuna ndege. Panda.”

“Asante, dada Semeni.”

Nilidhani mambo yameishia hapo. Kumbe kila rubani aliyekuwa hewani alikuwa anasikiliza.

“Mnara, hapa Msangi,” ikaja sauti nyingine. “Nina mitihani ya darasa la saba. Nami napanda. Elfu kumi na nane.”

“Hapa Bakunda, nina vifaranga elfu mbili na mchungaji. Nipe elfu kumi na saba.”

“Bakunda, subiri Msangi apite kwanza,” Semeni akasema, akiwapanga mmoja mmoja, huyu kulia, huyu juu ya yule, kama mwalimu anayepanga watoto wasisukumane. Afisa Heshima alitoka mbio kwenda kutafuta simu ya kuripotia.

Ghafla wingu likaisha. Jua likaingia ndani ya ndege, likaangukia uso wa Nanzia, na mama yake akamkinga macho kwa kiganja. Chini yetu kulikuwa kweupe kote kama pamba iliyoanikwa. Kidundi kilikuwa mle ndani, kimejikunyata, hakionekani hata ncha.

Mimi nilikuwa natazama dirishani, mdomo wazi, niliposikia kishindo. Waziri alikuwa ameteremka kwenye kiti na kulala sakafuni, shavu kwenye zulia.

“Mheshimiwa, unaumwa?”

“Napunguza kimo,” akasema kwa sauti ya chini. Halafu akaiona kamera yangu. “Kibwe...!”

Kwa miaka yote Waziri akisema “Kibwe” maana yake ni piga, na kidole changu ni kitiifu. Nilipoisikia “usipige” nilikuwa nimeshapiga.

Tulitua mji mkuu, gari la wagonjwa likiwa limeshafika. Madaktari walisema ingekuwa saa moja zaidi wangempoteza. Nanzia alipona. Gari la pili, lililokuwa la polisi, lilikuwa limetufuata sisi wengine.

*

Sheria ya Heshima ya Anga inasema mtu yeyote atakayekutwa juu ya daraja lake ana hatia, awe rubani, abiria au mzigo. Na Waziri, kwa kifungu alichokiandika mwenyewe, akipanda pangaboi daraja lake hushuka likawa la pangaboi. Basi kwa ndege yetu, Nanzia akiwa bado kitandani hospitalini, wakasimamishwa kizimbani watatu: Nakijwa, Waziri na Mama Nanzia. Mimi nilisamehewa kwa kuwa ni kifaa cha ofisi.

Hakimu alianza na Mama Nanzia. “Ulijua kwamba umezidi kimo chako?”

“Nilikuwa nimeshika chupa ya dripu, mheshimiwa. Kama kuna mtu alikuwa na mkono wa ziada wa kushika kimo, muulize huyo.”

Mahakama ikacheka. Hakimu akagonga meza, akamwachia ili kicheko kikome.

Waziri alileta utetezi wa aina yake. Ile picha aliyokuwa ameniamuru niifute, sasa aliniamuru niilete. Ikatundikwa ukutani, kubwa kama mlango: Mheshimiwa Profesa Balozi akiwa kifudifudi sakafuni, tai imepinda, macho yamemtoka.

“Mheshimiwa hakimu,” akasema kwa ujasiri, “mahakama ione kwamba mimi nilikuwa chini ya wenzangu wote.”

Mtaalamu akaitwa kupima umbali kati ya sakafu na kiti. Ukawa futi mbili. Kwa hiyo ikathibitika kisheria kwamba Waziri alisafiri futi mbili chini ya wahalifu, na kesi yake ikaahirishwa mpaka itakaposahaulika. Gazeti la siku ya pili liliitoa ile picha ukurasa wa mbele, na nchi nzima ikaibandika vibandani, saluni na vyooni.

Ikabaki zamu ya Nakijwa.

“Unakiri?”

“Nakiri. Nilipanda, na kesho nikiwa na mgonjwa na wingu liko pale, nitapanda tena. Tumemzika mtu mzuri kwa ajili ya macho ya mtu mmoja kwenye dirisha. Simziki wa pili.”

Hakimu alitazama picha ya Kiongozi iliyokuwa ukutani, akatoa hukumu. Leseni ya Kapteni ishushwe hadi futi sifuri. Anaruhusiwa kuendesha ndege yoyote, mahali popote nchini, ilimradi isiinuke.

Jioni hiyo marubani wote wa ndege ndogo walikutana kwenye banda la Nakijwa, na Semeni alikuwepo. Makubaliano yao hayakuwa marefu. Wagonjwa watabebwa kama kawaida, juu ya mawingu, na mnara utawapanga. Mzigo wa serikali hautapanda kabisa, si juu wala chini, mpaka Nakijwa arudishiwe leseni yake. Afisa Heshima alipotishia kuwakamata na kuwafungia rumande ya Isuka, Msangi alimwuliza atawapeleka huko kwa usafiri gani.

Uchaguzi ulikuwa mlangoni. Fulana za chama, kofia za chama na kanga zenye uso wa Kiongozi zilijaa ghalani zikingoja kwenda kupendwa kule Isuka. Barabara ilikuwa bado haijarudi kutoka mtoni. Kila siku ghala lilizidi kujaa, na kila siku marubani walipita mbele yake na wagonjwa wao, wakapaa, wakapotea juu ya wingu. Waziri alikesha mara kadhaa ofisini akitafuta njia. Hatimaye redio ya taifa ikapiga wimbo wa taifa, ikatangaza habari njema: Kiongozi Mpendwa, kwa huruma yake, ameinua anga, na ndege ndogo sasa zitaweza kuomba kibali cha kuvuka juu ya mawingu.

*

Sherehe ya Kuinuliwa kwa Anga ilifanyika uwanja wa ndege. Kulikuwa na zulia, bendi, na Kiongozi mwenyewe chini ya mwavuli. Waziri alimrudishia Nakijwa leseni yake hadharani. Alingoja ashukuriwe. Nakijwa aliipokea, akaisoma kwa makini kuhakikisha jina limeandikwa sawasawa, akaitia mfukoni.

Kisha ikaja sehemu kuu ya ratiba. Redio ya mnara iliunganishwa na spika za uwanjani ili taifa zima lisikie. Kapteni angepaa kuelekea Isuka, ambako mzee mmoja alikuwa analia na kidole tumbo. Angeomba kibali kwa mnara, na Kiongozi mwenyewe, kwa maikrofoni iliyopakwa rangi ya dhahabu, angetamka neno moja: “Naruhusu.” Bendi ilikuwa imeshaweka tarumbeta midomoni.

Ndege ikakimbia kwenye lami, ikanyanyuka, ikageuza pua kuelekea Kidundi. Wingu lilikuwa limekaa pale pale. Kiongozi akasafisha koo. Spika zikakwaruza, tukasikia sauti ya Semeni.

“Kapteni Nakijwa, unaomba kimo gani?”

Kiongozi akaisogeza maikrofoni mdomoni.

“Siombi, dada,” spika zote zikasema. “Nakujulisha tu. Elfu ishirini na moja.”

Mwenye tarumbeta alitazama mwenye ngoma.

“Nimekupata,” Semeni akajibu. “Anga iko wazi.”

Tuliinua nyuso sote, mpaka mwavuli wa Kiongozi ukaegemea nyuma, tukaitazama ile pangaboi ikizidi kuwa ndogo na kupanda, ikipanda bado.